Sifuri ya Namweru

Nilipostaafu, ofisi ya afya ya mkoa iliniomba niandike kurasa mbili za makabidhiano: nywila ziko wapi, funguo za kabati ziko wapi, jenereta linawashwaje likigoma. Hizo nimekwisha kuziandika na ziko kwenye droo ya juu, upande wa kushoto. Hizi ni kurasa nyingine. Nawaandikia ninyi mliobaki katika chumba cha mawasiliano, mnaokalia kiti nilichokikalia miaka thelathini na moja, kile ambacho mguu wake wa nyuma bado unataka kuwekewa karatasi chini. Niko mezani kwangu Buzuruga, ni asubuhi na mapema, na simu iko kando ya daftari. Habari za kupandishwa vyeo sitazisimulia. Ni fupi na hazimfundishi mtu.

Nilipofika mara ya kwanza, chumba kilikuwa palepale kilipo leo, juu ya mteremko wa mawe, na antena ilikuwa imefungwa kwa waya kwenye mwamba mkubwa kuliko nyumba yenyewe. Dirisha lilitazama ziwa. Mezani palikuwa na simu ya upepo, kisanduku cha chuma chenye rangi ya majani makavu, na mbele yake alikaa Mzee Magesa, Mjita mwembamba aliyevaa koti hata wakati wa jua kali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye Minza?"

"Ndiye mimi."

"Unajua kusikiliza?"

"Nina cheti cha kidato cha nne, mzee, na chapa nimejifunza."

"Sijauliza hayo," alisema, akanisogezea kiti chenye mguu mbovu.

Wiki nzima sikugusa kitu. Nilikaa nikasikiliza. Mwanzoni nilisikia mvumo tu, kama mvua inayonyesha mahali ambako hutafika kamwe. Siku ya tatu nikaanza kusikia watu ndani ya ile mvua. Sauti zilitoka visiwani na kwenye mialo ya mbali wanakoegesha wavuvi, kwenye zahanati zilizokuwa na betri ya gari na waya uliotundikwa juu ya mti. Zilikuja zikififia na kurudi, na nje ya dirisha ziwa lilikuwa na ukungu mweupe, kiasi kwamba nilipofumba macho nilidhani ukungu ndio unaozungumza. Siku nyingine wale wadudu wadogo wa ziwani waliinuka majini kama nguzo za moshi, zikatembea polepole kuelekea kusini. Mzee Magesa alizitazama nguzo zile huku mkono wake ukiandika. Hakuwahi kukosea herufi.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Saa mbili kamili asubuhi tuliita vituo vyote kwa majina, kimoja baada ya kingine, kama mwalimu anavyoita darasa. Kituo kikijibu "salama", uliandika SALAMA na saa. Kikiwa na tukio, mlipuko wa ugonjwa, boti iliyopinduka, nyumba zilizoezuliwa na upepo, uliandika tukio, kisha ukamsomea mtumaji maneno yake mwenyewe mpaka akubali kwamba ndivyo alivyosema. Kituo kisipojibu, uliandika KIMYA kwa kalamu nyekundu.

Siku za kwanza niliona hilo ni kupoteza wino. Kisiwa kimoja hakikujibu, nami nikaacha nafasi tupu.

"Hapa hujaandika kitu," Mzee Magesa alisema.

"Hawakusema kitu, mzee."

"Basi andika kwamba hawakusema. Kesho mtu mwingine atasoma hapa. Akiona pameachwa wazi atadhani ulilala, au atadhani salama. Kimya si salama, mwanangu. Wala si hatari. Ni kimya."

Na kanuni yake ilikuwa hii: kimya cha siku ya kwanza unakiandika, kimya cha siku ya pili mtu anakwenda. Hakuna kikao. Mtu anapanda boti anakwenda kuangalia.

Mwaka wangu wa kwanza alimtuma mtu kwenye kisiwa kilichonyamaza siku mbili. Petroli ya boti ilikuwa shida wakati ule. Aliyetumwa akarudi jioni, nguo zimelowa, akaripoti kwamba betri ya zahanati iliazimwa kwa ajili ya muziki wa harusi, na harusi yenyewe ilikuwa nzuri. Ofisi nzima ilicheka. Kuna aliyemwuliza Mzee Magesa kama bibi harusi naye aingizwe kwenye taarifa.

"Mwingize," alisema. "Jana tulikuwa hatujui. Leo tunajua."

Kati ya sauti zote, moja niliizoea kuliko nyingine. Ilitoka Namweru, kisiwa kidogo chenye zahanati ya chumba kimoja, shule, na kambi ya wavuvi wa dagaa. Nesi wake aliitwa Nyanjura. Kila asubuhi alianza vilevile: "Mwanza, Mwanza, Namweru hapa." Sikuwahi kumwona. Visiwa vyetu ni vingi na nauli ni ile ile mnayoijua, basi miaka ikapita tukijuana kwa sauti tu. Nilijua akiwa na mafua. Nilijua akiwa amegombana na mtu kabla ya saa mbili. Alipojifungua mwanawe wa pili, nilijua kwa sababu aliita kwa kunong'ona ili asimwamshe.

Siku moja aliniuliza, "Wewe Minza, ni mnene?"

"Mimi? Hapana. Kwa nini?"

"Sauti yako ni ya mtu mnene. Mimi nimekuweka mnene miaka yote hii. Ova."

"Na wewe nimekuweka mrefu."

Alicheka mpaka mvumo ukamfunika. "Basi tusionane," alisema akirudi. "Tutaharibiana."

Mzee Magesa alistaafu, akarudi kwake Butimba, akaniachia koti lililokuwa limetundikwa mlangoni. Aliniachia na kalamu nyekundu nusu boksi. Baada ya hapo nilikuwa peke yangu na mambo mapya, nami napenda kusema wazi kwamba sikuyachukia. Nilipoambiwa kompyuta zinakuja, nilinunua kitabu cha mitumba pale Makoroboi, kimekatika jalada, nikachora vitufe vya kuandikia kwenye kipande cha boksi. Miezi minne nilifanya mazoezi ya vidole juu ya boksi hilo, mezani hapa hapa ninapoandikia sasa. Kompyuta ilipofika, vidole vyangu vilikuwa vimewahi. Majedwali nilijifundisha mwenyewe. Ushauri wangu kwa anayejifunza peke yake ni mmoja: andika makosa yako kwenye daftari tofauti na uyasome kila Ijumaa. Yangu yamejaza madaftari sita.

Simu za mkononi zilipoenea, simu ya upepo ikazimwa. Siku ile nilikaa nikaisikiliza mara ya mwisho kabla ya fundi kuchomoa waya. Chumba kilipata utulivu ambao sikuwahi kuujua, na kwa wiki kadhaa nilikuwa nikisikia mvumo pale ambapo haupo, kwenye bomba la maji, kwenye mafuta ya kukaangia. Lakini faida tuliiona upesi. Nesi alipiga picha ya upele, daktari akaiona mjini baada ya dakika moja. Mwenyekiti wa mwalo alirekodi sauti yake na upepo ukivuma nyuma, tukajua paa la shule limekwenda. Namweru nayo ikapata mnara wake wa simu, na Nyanjura akaanza kunitumia picha za migomba yake. Za kwake mwenyewe hakutuma. Makubaliano yalikuwa makubaliano.

Kisha ukaja mfumo. Kila zahanati ilipewa kishikwambi, na sisi chumbani tukawekewa skrini kubwa ukutani yenye ramani ya ziwa na visiwa vyake. Kijiji kisicho na wagonjwa kilikuwa kijani. Chenye wachache, njano. Chenye wengi, nyekundu. Ilikuwa ramani nzuri mno. Asubuhi, mwanga wa ziwa ulipoingia dirishani ukagusa lile ziwa la kwenye skrini, hukujua mara moja lipi linatazama lingine.

Mtaalamu aliyetufundisha, Fadhili, alikuwa kijana mstaarabu aliyetoka Dar es Salaam, mwenye haraka ya kawaida ya huko. Siku ya mafunzo niliinua mkono.

"Kituo kisipoleta habari, naandika nini?"

"Unaandika idadi uliyonayo, mama."

"Sina idadi."

"Basi ni sifuri, mama. Kama huna, ni sifuri." Watu walicheka kidogo, nami pia nikacheka. Niliandika swali lile kwenye daftari, sikuliuliza tena. Hilo ni la kwanza katika makosa ninayotaka kuwaeleza.

La pili lilikuja na kipindupindu. Mvua zilikuwa nyingi, vyoo vya mialoni vilifurika, na ugonjwa ukaanza kwenye kambi za pwani ya magharibi. Mkuu wetu wakati huo alikuwa Daktari Kokushubila, mama wa Kihaya asiyeinua sauti, ambaye watu wote tulimwita Daktari Koku. Aliagiza taarifa ifungwe kila siku saa tatu asubuhi, kwa sababu saa tatu na nusu ilisomwa kwenye kikao, na kikao ndicho kilichopanga boti yetu moja iende wapi na dripu na dawa ya kutibu maji.

Siku ya kwanza, saa tatu kasoro dakika tano, kisanduku cha Namweru kwenye fomu ya mfumo kilikuwa kitupu. Nilipiga simu, haikupatikana. Mfumo ulikataa kufunga taarifa. Kisanduku kimoja kikiwa wazi, taarifa yote inagoma, na zile za kambi zenye wagonjwa zinabaki nje pamoja nayo. Niliandika sifuri ili niwahi. Nilijiambia ni sifuri ya muda tu, mchana nitairekebisha. Mchana simu ziliita kutoka kila upande. Siku ya pili Namweru ilikuwa bado haipatikani, na safari hii sikufikiri hata kidogo. Kidole kilikwenda chenyewe. Sifuri.

Siku ya tatu, baada ya kuandika sifuri nyingine, nilikaa kwenye kikao nyuma ya wakubwa, kama kawaida yangu, daftari likiwa magotini. Fadhili alikuwa amekuja kutusaidia na skrini. Pwani ya magharibi ilikuwa nyekundu. Namweru ilikuwa kijani, kijani kizuri cha jani la mgomba baada ya mvua, na naikumbuka rangi ile hata sasa. Niliitazama kwa muda mrefu. Nilihisi kama nimerudi kwenye kile kiti siku yangu ya tatu kazini, mvumo unaanza kufunguka na ndani yake kuna mtu. Kisha nikatazama chini kwenye daftari langu. Tangu Mzee Magesa aondoke sikuwahi kuacha kuandika vituo kwa mkono, kwa mazoea tu, wala sikumwonyesha mtu. Kwenye ukurasa ule mstari wa Namweru ulisema KIMYA. Kurasa mbili za nyuma yake, KIMYA. Kwa wino mwekundu, kwa mwandiko wangu.

"Boti inakwenda magharibi na mzigo wote," Daktari Koku alikuwa anasema. "Kuna la ziada?"

Nilisimama. "Namweru, daktari."

"Namweru ina nini?"

"Sijui."

Mtu mmoja aliguna. Fadhili aligeukia skrini. "Mama Minza, Namweru ni kijani. Siku tatu mfululizo."

"Kijani hicho nimekipaka mimi," nilisema. "Hawajaleta habari. Niliandika sifuri ili taarifa ifunge."

Mnajua jinsi ilivyo kusimama mbele ya watu ukiwa umejitaja mwenyewe.

Daktari Koku alivua miwani. "Una uhakika kuna wagonjwa kule?"

"Sina."

"Kwa hiyo unaniomba niondoe dripu kwa watu ninaojua ni wagonjwa, nizipeleke kwa watu nisiojua."

"Ndiyo, daktari. Nusu tu. Namweru iko njiani kama boti ikizungukia kaskazini. Huyu nesi hajawahi kunyamaza siku mbili tangu nimjue."

"Na wakiwa wazima wanakula samaki?"

"Tutarudi tunachekwa."

Aliitazama ramani, akanitazama mimi, akalitazama daftari. "Robo ya mzigo," alisema. "Na utakwenda nayo mwenyewe."

Tuliondoka kabla ya saa tano. Ukungu ulikuwa haujainuka, na boti ilikwenda ndani yake kana kwamba haiendi. Nilishika maboksi ya dripu yasidondoke. Mara mwamba ulitokea karibu, una ndege mmoja juu yake, ukapotea. Mara maji yalikuwa laini na ya kijivu kiasi kwamba sikuona yanapoishia na hewa inapoanzia. Nilikuwa nimelitazama ziwa hili kwa dirisha miaka mingi, nikaviandika visiwa vyake vyote, lakini njia ya kwenda Namweru nilikuwa naiona kwa mara ya kwanza. Nilimwomba Mungu tukute harusi.

Hatukukuta harusi. Wagonjwa walikuwa wamelazwa shuleni, kwenye mikeka, madawati yamesukumwa ukutani. Kwenye boriti za paa zilifungwa kamba za nyavu, na kwenye kamba zilining'inia chupa za dripu, nyingi zikiwa zimekwisha. Mwanamke mfupi sana, mwenye macho mekundu, alikuwa akimnywesha mtu maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Hakugeuka.

"Namweru," nilisema, kwa maana sikujua niseme nini. "Mwanza hapa."

Kijiko kilisimama. "Minza?"

"Ndiyo."

Alinitazama juu mpaka chini. "Hata si mnene," alisema, kisha akaanza kulia bila kuacha kumnywesha yule mgonjwa.

Mnara wa simu ulikuwa umekufa siku tatu. Kila asubuhi Nyanjura alipanda jiwe la juu kisiwani na kishikwambi, akakiinua, akashuka. Boti za wavuvi zilikataa kuvuka kwa hofu ya kuzuiwa mjini. Wawili walikuwa wamekwisha kufa, bwana mmoja mtengeneza nyavu na mama aliyeuza chai mwaloni. Mama wa chai alikufa siku ya pili, jioni. Nilimwomba majina yao, nikayaandika, nikamsomea mpaka akakubali kwamba ndivyo yanavyotajwa.

"Na sisi huko mlituandika nini?" aliuliza. "Siku zote hizi nilikuwa nawaza, pale Mwanza wanaandika nini."

Ningeweza kusema mfumo. Lingekuwa neno la kweli, kwa kiasi fulani.

"Niliandika sifuri," nilisema. "Mara tatu, kwa mkono wangu."

Alichukua chupa mpya ya dripu kwenye boksi, akaipasua plastiki kwa meno, akanipa. "Shika hapa," alisema. "Juu zaidi. Usishushe."

Niliishika mpaka jioni, na baada ya hapo nyingine. Hakufa mwingine Namweru.

Fadhili hakutafuta visingizio. Mwezi uliofuata alikuja mwenyewe, akakaa nami siku mbili, akasoma daftari langu la mkono ukurasa kwa ukurasa. Alipomaliza, ramani ilikuwa na rangi ya nne, kijivu, na kisanduku kiliweza kuachwa na neno HAIJULIKANI bila mfumo kugoma. Wageni wakija, kuna wasiopenda kijivu. Ramani inaonekana chafu, wanasema. Mtaambiwa mkisafishe. Daktari Koku alipata kusimama redioni wakati wa mlipuko ule, akasema haya tunayajua, haya hatuyajui, na hivi ndivyo tunavyofanya wakati hatujui. Simu za matusi zilikuja. Lakini uvumi wa kwamba dawa ya maji ni sumu, uliokuwa ukizunguka kwenye makundi ya simu, ulipungua wiki ile ile, kwa kuwa mtu aliyekubali kwamba kuna asilolijua aliaminiwa kwa lile alilolijua. Hilo sikulisoma kitabuni, nililiona kwenye simu zilizopigwa.

Nyanjura alistaafu mwaka mmoja kabla yangu, akabaki Namweru kwenye migomba yake. Hatukuzungumza tena juu ya sifuri. Ila kila siku saa mbili kamili ananipigia. "Mwanza, Mwanza, Namweru hapa. Salama. Ova." Anakata kabla sijajibu vizuri, maana vocha, anasema, si ya kuchezea.

Jana saa mbili simu haikuita. Nilipiga, haikupatikana. Nilimpigia mwanawe wa pili, anayekaa huko huko, naye hapatikani. Leo nimekaa hapa tangu saa kumi na mbili, nikiwaandikia ili mkono uwe na kazi. Saa mbili imefika. Sasa ni mbili na robo. Inawezekana mnara umekufa tena. Inawezekana chaji. Inawezekana ameisahau simu shambani na anacheka na jirani yake.

Nimefungua ukurasa mpya, nimeandika tarehe na saa, na mbele yake KIMYA, kwa kalamu ya mwisho katika lile boksi la Mzee Magesa. Boti ya Namweru inaondoka mwaloni Kirumba saa tano. Mfuko uko mlangoni na koti liko juu yake. Sijui kuna nini kule, na kwa sababu hiyo nakwenda.